Neno Alilotaka Kuongeza Mama Yordani

Watu wa hapa Makuyuni wakitaka kunisifu husema, "Mzee Habakuki ana mwandiko, bwana!" Mimi nawaambia nyamazeni, hamjui mwandiko huo ulifanya nini. Wanacheka, wanadhani ni unyenyekevu wa uzee. Unyenyekevu gani? Sijawahi kuwa nao. Nimechoka tu kusifiwa kwa kitu kinachoniuma, na leo nitasema, anayetaka kuninunia aninunie.

Mwaka 1957 nilikuwa karani wa shamba moja la mkonge, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka stesheni ya Korogwe. Kambi yetu ilikuwa na watu wa kila kabila, wengi wao manamba, yaani walioletwa kutoka mbali kwa mkataba. Mmoja wao alikuwa Grasiana, Mngoni wa Songea, aliyekuja akimfuata mumewe, Matayo. Matayo alikufa kwa homa. Wangoni wenzao mkataba ukawaishia, wakafunga mizigo wakarudi kwao. Grasiana akabaki peke yake na kazi yake ya kuanika katani juani, maana mwanawe wa pekee, Yordani, alikuwa akisoma sekondari huko Tabora. "Akirudi likizo," aliniambia, "anikute hapa hapa aliponiacha."

Sasa huyo Yordani akaja kuacha kurudi likizo. Mwaka wa kwanza alirudi, wa pili alirudi, halafu akapata kazi za likizo katika karakana ya reli, na mashine zikamteka. Miaka miwili mama hakumwona. Nilikuwa nikipita mbele ya chumba chake jioni namsikia anaongea Kingoni. Mara ya kwanza nilidhani kapata mgeni, nikachungulia. Alikuwa na kuku wake wawili tu. Kambi nzima haikuwa na mtu mwingine wa kusema naye lugha ya kwao, na Kiswahili chake alikitumia kwa kusalimia na kuomba moto. Nilimhurumia, lakini huruma ya kupita njia, basi.

Grasiana hakujua kusoma. Barua za Yordani nilizisoma mimi, na za kumjibu niliziandika mimi. Nako kambini kwetu barua haikuwa siri ya mtu. Ikifika, mwenyewe anatoa kigoda nje, karani anakaa, watu wanajaa, inasomwa kwa sauti, kisha kila mwenye mdomo anachangia jibu. Ukisomewa ndani mlango umefungwa, kesho utasikia umemroga mtu.

Basi mwezi mmoja ikaja barua ndefu. Yordani kafaulu. Kapata nafasi mbili, jambo ambalo mkoa mzima hatukuwa tumelisikia: akasomee udaktari Makerere, au uinjinia kwenye chuo kipya cha Nairobi. Aliandika hivi: "Mama, udaktari ni miaka saba, uinjinia ni pungufu ya hapo. Moyo wangu unapenda mashine, lakini baba alikufa kwa kukosa tiba, sijasahau. Sema wewe, nami nitafuata. Nikienda Nairobi nitapanda basi la Morogoro, nipite Mkata na Handeni, nikae nawe nyumbani wiki mbili, halafu nipande treni hapo Korogwe. Nikienda Kampala njia yangu ni Mwanza na meli ya ziwani, sitafika huko hadi likizo kubwa ya mwaka ujao. Mwalimu mkuu anataka jibu upesi."

Loo! Watu walilipuka. Mzee Mhina, nyapara wetu, akasimama na fimbo yake. "Injinia atatufaa nini sisi? Mashine si zetu! Aje ageuze skrubu za Wazungu? Daktari! Tena daktari wetu wenyewe, si wa kumngoja kwenye foleni akufukuze kama mbwa." Wengine wakadakia. Mmoja akataja mgongo wake, mwingine jicho la mtoto wake, ukadhani Yordani keshashuka kwenye lori na mkoba wa dawa.

Na mimi nilitaka daktari kuliko wao wote. Mke wangu Dorkasi alifariki akijifungua, juu ya lori la mkonge, katikati ya barabara ya kwenda hospitali, kichwa chake mapajani mwangu. Kwa hiyo nilipomgeukia Grasiana nikasema, "Haya mama Yordani, tuandike nini?" nilikuwa nimeshaandika neno udaktari kichwani mwangu zamani.

Alikuwa amekaa mkekani, mikono imelala juu ya magoti. Alituangalia mmoja mmoja. "Andika walivyosema," akajibu.

Nikaandika. Wallahi nilijipinda siku hiyo, kila herufi imesimama wima.

Kesho yake mchana alikuja ofisini. Alisimama nje ya mlango mpaka wapimaji wa kazi walipoondoka wote, ndipo akaingia, akapiga goti kidogo kama kawaida yake. Nilishamkataza, hakusikia.

"Karani, ile barua. Nataka uongeze neno."

Nilielewa mara moja, au nilijidanganya kwamba nimeelewa. Huyu anataka kubadilisha, nikasema moyoni. Anamtaka mwanawe apite nyumbani, kwa hiyo atamwambia achukue uinjinia, na wake zetu waendelee kufia kwenye malori. Hasira zikanipanda. Barua ilikuwa kwenye droo yangu, magoti yangu yanaigusa.

"Imeshaondoka, mama," nikasema. "Umechelewa."

"Imeondoka?"

"Na lori la asubuhi. Kama ni neno dogo utamwandikia nyingine."

Akasema asante, karani, akatoka. Jioni hiyo nikaitia mkononi mwa dereva mimi mwenyewe, ili nisije nikabadili mawazo. Nyingine hakuja kuniambia niandike. Nami sikumuuliza, nikajitia nimesahau.

Yordani alikwenda Kampala kwa njia ya ziwa. Kambi ikasherehekea, pombe ikanywewa, Mzee Mhina akajiita baba mdogo wa daktari. Grasiana aliwapikia wageni ugali na maharage, akacheka walipocheka. Walipoondoka nilimwona akiosha vyungu peke yake, anaongea na kuku.

Mwanzo wa mwaka uliofuata akaanza kukohoa. Wenzake walisema ni vumbi la katani, litapita. Halikupita. Akakonda mpaka kitenge kinamzunguka mara mbili, na kule hospitali walimpa dawa ya chupa wakamwambia arudi baada ya mwezi. Nitasema sasa hivi, msije mkangoja mazuri: alifariki masika hayo ya 1958, na Yordani alipokuja likizo kubwa alikuta kaburi lenye majani mafupi.

Lakini wiki mbili kabla hajafa ilikuja barua kutoka Kampala, na picha ndani yake. Safari hii hakukuwa na watu. Mvua ilikuwa inanyesha, tena mgonjwa wa kifua hazungukwi sana. Nilimsomea ndani, kitandani. Nikampa picha. Yordani kasimama amevaa suti, kichwa kimepasuliwa njia. Grasiana aliisogeza machoni, akaisogeza mbali, akaniuliza taratibu, "Ni huyu?"

"Ni yeye, mama."

"Kaota ndevu." Akakigusa kidevu cha picha kwa kidole. "Sikujua kama ana kidevu cha Matayo."

Roho ikaniuma, nikashindwa kunyamaza. "Mama Yordani, siku ile ulipokuja ofisini, ulitaka niongeze neno gani? Ulitaka asomee uinjinia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Uinjinia? Hapana. Wewe mkeo alikufa, mume wangu alikufa, ningewezaje kukataa daktari? Nilitaka umwambie apite nyumbani kwanza. Hata siku moja. Nimwone alivyokua, ndipo aende huko ziwani."

Siku moja! Nilikuwa na nafasi ya mistari mitano chini ya karatasi ile. Nikasema, "Mama, nisamehe. Barua haikuwa imeondoka. Ilikuwa kwenye droo."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Lori la asubuhi lilichelewa siku ile, lilikuwa bado linapakia katani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kubeba mzigo hapo." Akakohoa, akangoja pumzi imrudie. "Nilijua, karani."

"Sasa kwa nini hukusema? Kwa nini hukunitukana hata?"

"Ningegombana na wewe," alisema, "nani angeniandikia?"

Akaiweka picha chini ya mto, akavuta shuka, akaniambia nichukue kalamu tumjibu mtoto, nimwandikie kwamba mama yake hajambo.