Mshipa Upi?

Siku ya kwanza kazini, kwenye kituo cha tiba ya kukanda pale Dunda, Bibi Msimamizi alinikabidhi chupa ya mafuta ya nazi na amri moja. "Mshipa ukikaza, kanda. Mshipa ukiziba, usiguse." Nikaitikia, "Ndiyo, mama," na sikuelewa kitu. Kwetu mshipa ni njia ya damu, ni ukano unaoshika nyama na mfupa, hata ngiri ya babu ni mshipa. Vidole vyangu vingejuaje upi ni upi?

Nilipohamishiwa Mkange nilijiona nimeiva. Viuno na migongo ya wakulima niliiweza. Kisha nikaitwa kwa Mwajuma, aliyekuwa ametoka kujifungua, nimkande kwa maji ya moto kama ilivyo ada. Mama yake alikuwa ameshayachemsha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anzia mguu wa kushoto, mshipa umemvuta."

Shavu la mguu huo lilikuwa limevimba, tena la moto, na sikuwa nimelitia maji bado. Mguu wa kulia haukuwa na neno. Nikachanganyikiwa. Wazazi huvimba miguu, lakini mmoja tu?

"Mshipa upi, mama?"

"Mshipa ni mshipa! Kwani wewe mkandaji wa wapi?"

Mwajuma akajigeuza, akahema kama aliyetoka kujitwika ndoo, akaniambia: "Shangazi, kifua kinanibana."

Niliogopa, nasema kweli. Nikiacha kumkanda bure, nimemnyima mzazi haki yake na Mkange nzima itanisema. Nikikanda, je? Nikafunika sufuria, nikamwambia mumewe atafute gari la hospitali. Mama mtu alinitukana mpaka gari likafika.

Huko walisema damu iliganda mguuni na kipande kikakimbilia pafuni, na kwamba kumkanda kungemmaliza. Mwajuma akapona. Watu wakanisifu kuwa nina mkono wa kujua. Mkono gani? Mpaka nastaafu, mshipa uliokaza na ulioziba ilinichanganya vilevile.

Juzi shavu langu la mguu lilivimba, la upande mmoja. Mkandaji mzima nikajiambia ni mshipa tu, nikamimina mafuta kiganjani. Mwajuma, aliyekuja kunijulia hali, akaninyang'anya chupa.

"Mshipa upi, shangazi?"

Nikautazama mguu wangu kama wa mtu mwingine.

"Sijui, mwanangu."

"Basi vaa viatu, twende hospitali."