Bwana Dhoofisha

Jina la Bwana Dhoofisha hakupewa kwa heshima, ingawa mwenyewe alilivaa kama nishani. Alikuwa mwalimu wa chumba kimoja, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wazima kujibu swali la aina moja tu. Si hesabu, si lugha, si historia. Unapewa aya fupi yenye hoja, kisha unaulizwa: kati ya majibu haya matano, lipi linaidhoofisha hoja hii zaidi? Basi, ndiyo elimu yenyewe. Kwa ajili yake watu walipanda ngazi kila Jumamosi asubuhi, wakabanana kwenye mabenchi yasiyo na egemeo, wakavuta harufu ya mpira hadi mchana, kwa sababu maofisini siku hizi hupandi cheo mpaka ufaulu mtihani wa kufikiri, na maswali ya kudhoofisha ndiyo yanayowaangusha wengi. Nani aliyeamua kwamba muuguzi aliyezalisha akina mama kwa miaka ishirini hawezi kusimamia wodi mpaka akisie kati ya A na E, Mungu ndiye ajuaye.

Bwana Dhoofisha hakujiuliza swali hilo. Lilikuwa linampa mkate wake.

Mwenyewe aliwahi kuwa karani wa usajili wa magari kwa miaka kumi na saba na hakupandishwa cheo hata mara moja. Alikuwa na maelezo sita ya jambo hilo, yote yakiwalaumu wengine. Alipoacha kazi, akanunua ubao, boksi la chaki na kitabu cha maswali kilichochanika jalada, akageuka bingwa. Na tusimnyime haki yake, swali alilijua. Alikuwa anasimama mbele, tumbo limetangulia, anasoma kwa sauti ya mtu anayehukumu kesi.

"Meneja wa kiwanda anasema: tangu tupake kuta rangi ya kijani, wafanyakazi hawachelewi tena. Kwa hiyo rangi ya kijani imewatia bidii. Haya, dhoofisha!"

Muuguzi, mwanamke mnene mpole aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, alinyoosha mkono. "C, mwalimu. Rangi ya kijani huwaumiza macho baadhi ya watu."

"Macho!" Bwana Dhoofisha aliligeukia darasa zima kama vile anatafuta mashahidi. "Jamani, macho yameingiaje hapa? Inawezekana macho yanauma na bidii ipo palepale. Nje ya mada, dada! Wiki nane uko hapa, bado unajibu kwa huruma. Jibu ni E: wiki hiyohiyo, barabara ya kwenda kiwandani ilifunguliwa baada ya matengenezo. Watu wanawahi kwa sababu njia ipo! Msipige ushahidi. Msipige mtu. Pigeni kiungo, pale ushahidi unapojishikiza kwenye dai."

Muuguzi aliandika kiungo kwenye daftari lake, akapigia mstari mara mbili, akasinzia kidogo.

Kama angeuacha ufundi huo darasani, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alishuka nao ngazi, akaingia nao nyumbani, akaketi nao mezani. Ukimwambia pole kwa mafua, atakuuliza una ushahidi gani kwamba ni mafua. Ukimwambia jirani kafiwa, atataka kujua nani kasema. Ndugu zake walikuwa wameacha zamani kumweleza habari yoyote, na yeye alidhani wamekubali kwamba ana akili kuliko wao. Mkewe alikwisha kufariki. Waliobaki karibu naye walikuwa wawili tu, dada yake mkubwa, fundi cherehani asiyejua kunyamaza, na binti yake wa pekee.

Huyo binti alikuwa muuzaji wa dawa kwenye famasi moja, mchangamfu, mwenye kukumbuka jina la kila mgonjwa. Baba yake alimpatia mume. Na mume mwenyewe alimtoa wapi? Ubaoni! Kulikuwa na mwanafunzi aliyefaulu maswali yote, hakukosa hata moja, wenzake wakambandika jina la Mia kwa Mia. Picha yake ilikuwa imetundikwa mlangoni pa darasa, kavaa tai, kashika cheti, na chini yake maneno: NA WEWE UNAWEZA. Bwana Dhoofisha aliamini kwamba mtu anayefikiri vizuri namna ile hawezi kuwa mtu mbaya. Hoja hiyo ina tundu la kupitisha lori, lakini bingwa hakuliona.

Mwezi wa tatu baada ya harusi, binti alikuja nyumbani peke yake. Alikaa, akanywa chai, kisha akakunja mikono ya gauni lake, akamwonyesha baba yake alama za vidole, zimeiva bluu hadi kwenye kiwiko.

"Baba, mume wangu ananipiga."

Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mara ngapi?"

"Mbili."

"Mara mbili haitoshi kusema ni tabia. Siku hizo alikuwa katika hali gani?"

"Alisema kazini walimuudhi."

"Umeona sasa? Kumbe sababu ipo kazini, haipo kwake. Kazini pakitulia, naye atatulia."

 Binti alishusha mikono ya gauni, akaosha vikombe, akaondoka. Baba mtu akajisifu moyoni kwamba ameizima fitina kabla haijawaka. Mtu mzima na akili zake!

Baada ya hapo binti hakuonekana tena famasi. Simu yake ikasemekana imeharibika. Lakini kila Ijumaa Mia kwa Mia alipiga kwa simu yake mwenyewe, akamsalimu mkwe wake kwa adabu zote, kisha akampa mkewe aongee. "Niko salama, baba," binti alisema. Kila Ijumaa, maneno hayohayo matatu, kwa miezi saba. Bwana Dhoofisha alikata simu akiwa ameridhika na kwenda kula.

Ni dada yake aliyevuruga starehe hiyo. Alhamisi moja alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mia kwa Mia, akagonga mpaka lango likafunguliwa nusu. Nyuma ya bega la mume alimwona mtoto wa ndugu yake amesimama ukumbini, amekonda, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Shangazi mtu akataka kuingia. Mia kwa Mia akatabasamu, akaziba njia.

"Shangazi, tunakuheshimu sana," alisema. "Lakini binti huyu nilikabidhiwa na baba yake. Baba yake akija mwenyewe, tutazungumza."

Shangazi alitoka pale mbio mpaka kwa kaka yake, kanga mkononi, machozi yanamtoka. Alimwomba waende jioni ileile. Unajua alijibiwa nini?

"Umeona jicho, dada. Hukuona ngumi. Mimi kila Ijumaa naongea naye, na yeye mwenyewe anasema yuko salama. Nani anajua zaidi, wewe au yeye?"

Fundi cherehani alijifunga kanga upya kiunoni. Hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la saba, na kwa maneno hakumuweza ndugu yake tangu utotoni. Alijifuta uso, akaenda zake. Ijumaa nzima alishona sare za shule bila kuzungumza na mteja yeyote, na Jumamosi asubuhi akapanda ngazi za juu ya duka la matairi, utepe wa kupimia bado umening'inia shingoni.

Darasa lilikuwa limejaa. Muuguzi alikuwepo, na mtunza stoo, na askari magereza mmoja mrefu ambaye hakuwa na mazoea ya kusema, na wengine tisa. Shangazi akasukuma watu kwa nyonga, akaketi benchi la mbele.

"Dada, niko kazini," Bwana Dhoofisha alinong'ona.

"Najua. Nimekuja kusoma." Kisha akageuka, akapaza sauti. "Wasomi, hamjambo? Mimi nina swali moja, mtanisaidia?"

Wakasema ndiyo, wote. Mwalimu angemtoaje mbele ya wateja wake? Alibaki ameshika chaki.

"Kuna baba mmoja," shangazi alianza. "Binti yake ameolewa. Binti amekonda, kazi ameachishwa, watu hawamwoni, na juzi jicho lake lilikuwa limevimba hivi. Baba anasema binti hana shida yoyote. Kwa nini? Kwa sababu kila Ijumaa anaongea naye kwenye simu ya mume, na binti mwenyewe anasema yuko salama. Haya, mnidhoofishie hoja ya huyo baba."

Darasa lilifurahi. Baada ya wiki nane za viwanda na kuta za kijani, hatimaye swali lenye watu ndani yake. Mtunza stoo alikuwa wa kwanza.

"Huyo baba ni mwoga tu!"

"Hatupigi mtu," Bwana Dhoofisha alisema. Mdomo ulikuwa umezoea, ulijisemea wenyewe. "Tunapiga kiungo."

Muuguzi alinyoosha mkono. Safari hii hakuwa anasinzia.

"Kiungo ni kwamba huyo binti ana uhuru wa kusema jambo lingine," alisema taratibu. "Sasa, nikijua kwamba akiongea mume amesimama pembeni, imekwisha. Maneno yake si ushahidi wa kitu. Mimi nawaona wodini, mwalimu. Mume akiwa kando ya kitanda, mgonjwa anasema ameanguka kwenye ngazi. Mume akitoka kununua maji, namuuliza tena, ananiambia nyumbani kwao hakuna ngazi."

 Lilikuwa jibu sahihi, tena sahihi kabisa, na mwalimu hakulisifu. Alikuwa anatazama ubao ambao haukuwa na kitu.

"Je, alikuwepo?" shangazi aliuliza.

"Nani, mama?" askari magereza akauliza. Lakini shangazi hakuwa anamtazama yeye.

"Mdogo wangu, nakuuliza wewe. Kila Ijumaa. Alikuwepo?"

Vichwa kumi na viwili viligeuka kumtazama mwalimu, kimoja kimoja, kadiri kila mmoja alivyoelewa.  Bwana Dhoofisha alikuwa anajua. Mia kwa Mia alikuwa na desturi ya kukohoa kidogo kabla ya kutoa jibu. Alikohoa hivyo darasani kwa miaka miwili. Na kila Ijumaa, sekunde moja kabla ya maneno yale matatu, kikohozi hichohicho kilisikika kwenye simu, karibu kabisa na mdomo wa binti. Alikuwa amekisikia kwa miezi saba, na kila mara aliamua kwamba hakimhusu, kwa sababu kikimhusu, picha ya mlangoni ingebidi ishuke.

"Hilo halithibitishi kwamba..." alianza.

"Mwalimu," muuguzi alimkatiza, na hakukuwa na dharau sautini mwake, jambo lililomuumiza zaidi. "Ulitufundisha jibu si lazima lithibitishe. Linatakiwa lidhoofishe tu."

Akaona aibu kama mtoto aliyekojoa mbele ya wageni. Hicho tu ndicho kilichomsogeza, tuseme ukweli. Si uvimbe wa jicho, si machozi ya dada yake.

"Alikuwepo," alisema.

Askari magereza alifunga daftari lake, akavaa kofia, akasimama mlangoni kuwasubiri. Hakuna aliyemwomba.

Walifika watatu, mchana kweupe. Mia kwa Mia alifungua lango, akamwona mkwe wake, akafurahi. "Karibu, mwalimu!" Kisha akamwona askari, akakohoa kidogo. Akaanza kueleza kwamba wanawake huanguka, kwamba jicho lina magonjwa mengi, kwamba shangazi ana chuki naye tangu zamani. Alieleza kwa mpangilio mzuri sana, hoja baada ya hoja, na Bwana Dhoofisha alisikiliza kila neno alilomfundisha mwenyewe na asipate hata moja la kumjibu.

"Mwambie mkeo alete mfuko wake," askari alisema.

Haikuhitajika. Binti alikuwa amesikia sauti ya baba yake na alikwisha kutoka ukumbini, mfuko begani. Ulikuwa umefungwa zamani. Zipu yake ilikuwa imeshika vumbi. Alipita kando ya mumewe bila kumtazama, akamkumbatia shangazi yake, wakatembea mpaka mwisho wa barabara.

Pale ndipo alipomgeukia baba yake.

"Nani amekuambia, baba?"

"Wanafunzi," alijibu. "Shangazi yako aliwapa habari yako kama swali. Wakajibu."

"Wote?"

"Walikuwa kumi na wawili. Wote walikubaliana."

Binti alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu.

"Kumi na wawili," alisema. "Kumbe mimi peke yangu, na mikono yangu ile niliyokuonyesha, sikutosha."

Bwana Dhoofisha alinyoosha mkono ampokee mfuko. Binti alimpa shangazi yake.