Daftari la Mjomba wa Mbung'o

Homa ya matumbo iliponiachia, iliniachia mifupa na hasira tu. Nilikuwa nimelala wiki sita katika hospitali ya misheni Kolandoto, na niliporudishwa nyumbani sikuweza hata kufika mlangoni. Kila aliyekuja kunipa pole nilimnunia.

Mjomba, mdogo wake mama, hakuja. Alikuwa porini upande wa Kharumwa, kwenye kazi ya mbung'o. Watu wawili hutembea wamebeba kitambaa cheusi kwenye mti, mbung'o wakitua juu yake wanawakamata na kuandika wamepata wangapi. Yeye alinitumia daftari lake la zamani. Mbele mlikuwa na hesabu za mbung'o, na nyuma mambo yake mwenyewe. Kwale aliyefunika makinda yake bila kutikisika, huku miguu ya watu ikimpita. Mgunga uliochanua kabla ya mvua, nyuki wake wakisikika kutoka mbali. Nguchiro waliosimama wima kumkagua, akaandika, kama wazee wa baraza.

Nilisoma ukurasa mmoja kwa siku, kwa uchoyo, lisije likaisha. Siku ya mgunga niliomba nitolewe nje nikauone wa kwetu. Haukuwa umechanua hata kidogo. Nililia sana, lakini nilikuwa nimetoka nje. Nikajiapiza kwamba nikipata nguvu nitamfuata mjomba huko huko porini, nimshukuru kwa kinywa changu.

Hakuningoja. Mvua zilipokwisha, wenzake walimleta kwetu juu ya baiskeli. Ilikuwa malale, mbung'o wake walikuwa wamempata. Alisinzia huku akila, tonge bado mkononi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akaniuliza mimi ni binti wa nani.

Sikujua kuuguza, nilichojua ni kuuguzwa. Nikachukua daftari nikamsomea, nikianza na kwale. Alifumbua macho. Nikasoma mgunga, nikasoma nguchiro. Hapo akacheka, nami kwa ujinga wangu nikadhani amerudi.

"Mama," akaniambia kwa upole, "huyu aliyeandika yuko wapi? Ningependa kutembea naye."

Nikamwambia yuko njiani, anakuja. Basi akageuza uso mlangoni, na siku zote zilizombakia alimngojea.