Nilimtia Shaka Mama Aliyefiwa

Nilimkosea mama aliyefiwa, na nilijua ninachokifanya. Msinitetee kwamba ulimi uliteleza. Nilikaa nikalipanga kosa lenyewe.

Ilikuwa hapa Ibra, Oman, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mchana nilikuwa karani, jioni msomaji. Shule niliiacha mapema, Bujumbura, kabla hatujahamia huku. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa hadithi fupi za kutisha za zamani, zile za makasri mabovu na wafu wasiotulia. Nilizichambua kama fundi anavyofungua saa. Nikaona kwamba waandishi wale hawasemi na akili. Huanza na moyo: mapenzi, msiba, hamu. Kisha huacha pengo, na msomaji hulijaza kwa mawazo yake mwenyewe. Usimwonyeshe mtu jini. Mwachie mlango wazi, jini atamleta yeye.

Alasiri wanawake wa mtaani tulikusanyika kwa kahawa na tende, nami nikiwasimulia. Bi Zuwena, jirani yangu, mkubwa kwangu kwa umri, alinicheka mbele ya wote.

"Hadithi zako hizo, mwanangu, hazimtishi hata kuku. Kasri lenye theluji! Nani hapa kaliona?"

"Mwacheni," akadakia mwenzake. "Kakosa mume, kaolewa na vitabu."

Wakacheka. Nikacheka nao, lakini iliniuma.

Miezi michache baadaye Bi Zuwena alifiwa na mwanawe, Salim. Wadi, bonde la mto mkavu, ilijaa ghafla upande wa Dima wa Tayyin, maji yakalizoa gari lake. Maiti ilipatikana baada ya siku kadhaa. Wanaume wakaiosha, wakazika. Sisi wanawake hatuendi makaburini, na baba yake Salim, kwa huruma, hakukubali mama aonyeshwe uso ule.

Hapo nikaliona pengo langu.

Matanga yalipokwisha na kahawa ikarudi, nikasimulia. Mama mmoja, mwanawe kazikwa, uso hakuuona. Mnaijua imani ya huku: mchawi humchukua mtu, huacha mfano wa maiti uzikwe, na mwenyewe hufichwa mbali akitumikishwa. Msukule. Sikulitaja neno hilo hata mara moja. Nilisema tu kwamba siku moja yule mama alisikia mtu akiita mbuzi mlimani, kwa sauti anayoijua. Nikaishia hapo. Nikamtazama Bi Zuwena usoni kama anayengoja maji yachemke. Kikombe akakirudisha chini kabla hajanywa. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi!

Asubuhi akaja kwangu.

"Mwanangu, yule mama... alimpata?"

Neno moja lingetosha: nimebuni. Lakini aliyenicheka alikuwa amesimama mlangoni kwangu akiuomba mwisho wa hadithi yangu. Nikamjibu, "Wanasema hakukata tamaa."

Khalas, ikawa basi. Akakataza khitma ya Salim, kwa kuwa aliye hai hasomewi. Akawa anazunguka vijiji vya milimani, akafika hata Manah, kwenye mtaa mkongwe uliohamwa, akiita jina katika nyumba tupu. Harusi ya bintiye Asila akaizuia mpaka kaka arudi. Watu wa mchumba wakangoja, wakachoka, wakaposa kwingine.

Na ile huruma ya mumewe ikageuka ushahidi. "Kwa nini ulinificha uso?" alimuuliza mbele ya wageni. "Ulimuuza kwa nani?" Hakula tena chakula alichokigusa mzee yule.

Ndipo nikaenda kukiri.

"Shikamoo, Bi Zuwena. Ile hadithi niliitunga mwenyewe. Hakuna mama, hakuna mlima."

"Marahaba." Akanishika mkono kwa upole. "Nani kakutisha, mwanangu, hata unaikana? Usiogope. Sitamtaja aliyekwambia."

Nilirudia, nikaapa. Kila nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunihurumia.

Asila alinitoa mpaka nje. "Kaka yangu tulishamzika," akasema. "Wewe umemfukua. Usirudi hapa."

Bi Zuwena alikufa miaka michache baadaye, hasemi na mumewe. Katika kahawa ya mtaani siitwi tena, na sioni kwa nini niitwe.

Wewe unayejua kusimulia, unayejua moyo wa mwenzako ulipo laini, usiuguse hapo. Msiba una matanga yake: watu huja, hulia, huanua, huondoka. Shaka haina matanga. Ukishamtia mtu, hata ukweli wako hautaitoa.