Wastani wa Kawa ya Mudomo

Nalichukia neno wastani. Nalichukia kweli, mimi niliyeishi nalo miaka yote. Labo yetu, maabara ya kupimia madini hapa Kolwezi, ilizoea shaba na kobalti. Mchanga ukiletwa kutoka malundo ya mgodi ya Kingamyambo, unauchanganya, unaumwaga lundo moja, unaugawa mafungu manne, unatupa mawili, yaliyobaki unayasaga na kuyapima. Mnunuzi wa mawe hataki zaidi ya wastani. Baba alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa na babu, aliyeletwa mgodini kutoka Kasai.

Kisha karakana moja ya mjini ikaanza kutuletea makopo ya vifuko vidogo vya unga wa kafeini, vile madereva wanavyobana kati ya mdomo na ufizi ili wasisinzie. Watu waliviita kawa ya mudomo, yaani kahawa ya mdomoni. Bila sahihi yangu mzigo hautoki. Safari hiyo walikuwa wamebadilisha muuzaji wa unga, na karatasi zake zilikuwa nakala ya nakala, hata muhuri hausomeki. Nikauliza. Shefu wangu, mkubwa wa labo, akacheka: "Ah, tata, unatafuta makosa mpaka mu kawa?" Nikaziweka karatasi kando. Mjinga mimi!

Nikachukua vifuko ishirini, nikavipasua vyote kwenye bakuli moja, nikachanganya, nikagawa mafungu manne. Kafeini ikatoka sawasawa na ilivyoandikwa kwenye kopo. Nikasaini, nikaenda kula bukari, ugali wetu, kwa raha zangu.

Kopo moja nilimpelekea yaya, kaka yangu mkubwa, dereva wa lori la mawe mgodini. "Kamata, iko muzuri, nilipima miye mwenyewe." Haikupita wiki, mchana kweupe, akasimamisha lori katikati ya mteremko, mikono inatetemeka, moyo unampiga hata hawezi kushuka. Walimbeba. Daktari wa kampuni akamwondoa kwenye usukani mpaka amwone tena Jumatatu.

Nilirudi labo mbio. Safari hii nikapima kifuko kimoja kimoja. Cha kwanza, karibu hakina kitu. Cha pili vilevile. Cha tatu, mama yangu! mara tatu ya kilichoandikwa. Kule karakana unga haukuwa umechanganyika, na mimi na bakuli langu nikawamalizia kazi yao, nikauficha ubaya wote. Mawe yanayeyushwa pamoja. Nani anaweka wastani mdomoni? Mtu anaweka kifuko kimoja!

Shefu alisoma karatasi yangu ya vipimo vipya mara mbili. Akasimamisha mzigo uliobaki, lakini kuhusu uliokwisha kutoka akasema tufunge midomo, maana sahihi iliyoupitisha ni yangu.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa yaya na ile karatasi mfukoni. Daktari angeiona, angejua kwamba ni vifuko, si ugonjwa. Yaya alikuwa amekaa uani, mkono kifuani, anahesabu mapigo. Mke wake alimletea maharagwe bila chumvi, akarudi jikoni.

"Mudogo," akaniambia, "nilizania ni ile kawa. Lakini we ulipima. Basi ubaya iko mu moyo yangu."

Nikasema, "Pole, yaya." Hilo tu, Mungu anajua. Jumatatu akaenda kwa daktari bila karatasi yangu, akarudi bila kazi.