Tuzo ya Ramani ya Visima

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki akilini, ingawa mengi ya ujana wangu yameshapeperushwa na upepo wa Dodoma. Siku hiyo nilisimama ukumbini, nikaitwa kwa jina langu na la baba yangu, nikapewa cheti chenye fremu na kasha la kalamu za kuchorea, kwa kuwa mchoro wangu wa takwimu ulikuwa umeshinda michoro yote ya mikoa ya kati. Watu walipiga makofi. Nami nilipokea nikijua moyoni kwamba mchoro ule una kasoro niliyoitia kwa mkono wangu mwenyewe.

Nasikia na ninyi mnaochora takwimu kwa kompyuta mna tuzo zenu, na kwamba umepeleka kazi yako ishindanishwe. Umefanya vizuri, sikukatazi. Ila keti kwanza nikusimulie.

Mimi ni binti mzaliwa wa Kondoa. Baba aliuza vitambaa jirani na msikiti, kama babu zake waliobaki pale tangu zama za misafara. Duka halikunivuta, nilipenda kuchora. Nikasomea uchoraji wa ramani, nikaajiriwa Dodoma katika ofisi moja iliyoshughulika na visima vya vijijini, nikapanga chumba mtaa wa Miyuji. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo wachoraji watatu tuligawana chupa moja ya wino mweusi, na ikiisha tunangoja. Mara maduka yakajaa. Ukaja wino wa kila rangi, ikaja karatasi laini kama hariri. Wafadhili nao wakaja na miradi yao, na miradi ikaja na mashindano.

Mkuu wa chumba chetu cha uchoraji alikuwa Mzee Lugendo, Mgogo mrefu asiyependa maneno mengi. Upepo wa mwezi wa saba ukianza kuingiza vumbi dirishani, alizunguka meza zote akifunika chupa za wino kwa vitambaa, za wenzake kwanza, yake mwisho. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kalamu wima na kupumua taratibu ninapovuta mstari.

Mradi mmoja ulipotangaza tuzo ya mchoro bora wa takwimu, niliamua kuchora ramani ya mkoa ambamo kila kisima ni tone la buluu. Mtu akiitazama tu, aone wapi pana maji na wapi watu wana kiu. Wazo lilikuwa zuri, hata leo nalisimamia. Nilichora wiki tatu. Lakini nilipofika upande wa Chemba, daftari la visima likaniharibia starehe. Visima vingi vya huko vilikuwa vimechimbwa kweli, ila mbele ya majina yao mkaguzi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: kimekauka, pampu imekufa, kimefukiwa. Nikiviacha, kona nzima ya ramani yangu inabaki nyeupe, kama shuka lililochanika. Nikaona inachukiza. Basi nikavichora vyote, vizima na vilivyokufa, kwa buluu ile ile. Ramani ikapendeza ajabu.

Mzee Lugendo aliinama juu yake muda mrefu. Akaniuliza kama visima vile vyote vinatoa maji. Nikamjibu kwamba vyote vimo daftarini. Jibu lile halikuwa uongo, mwanangu, wala halikuwa kweli, na majibu ya namna hiyo uyaogope kuliko nyoka. Mzee alinitazama, akarudi mezani kwake.

Nikashinda, kama nilivyokwambia. Ramani ikatundikwa ukutani, mlangoni pa ofisi ya mhandisi. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Lakini hata kibovu kikipakwa rangi hujiuza vilevile. Ofisi ilikuwa na mtambo mmoja tu wa kuchimbia, na mhandisi alipopanga safari zake za kiangazi, hakufungua tena daftari. Alitazama ukuta.

Haukupita mwezi, akaja mama mmoja kutoka kijiji cha upande ule wa Chemba, pamoja na mzee wa kijiji chao. Aliitwa Mama Paulina. Kiswahili alikisema polepole, kama mtu anayechagua mahali pa kukanyaga, na alipogeuka kuongea na mwenzake ilisikika lugha yao yenye vidoko vya ulimi. Walikuja kuuliza mtambo utafika lini, maana wanawake walikuwa wakitoka alfajiri kuchota maji korongoni na kurudi jua la utosi. Karani akawaonyesha ukuta. Akawaambia kwao kumejaa visima, wasubiri, mtambo unakwenda kwingine Jumatatu.

Mama Paulina akauliza nani aliyechora. Nami nikatoka mbiombio, nikidhani nakwenda kusifiwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Akaniomba nimwonyeshe kijiji chao. Nikaweka kidole. Palikuwa na matone matatu. Aliyagusa moja moja kwa ncha ya kidole chake, bila hasira yoyote.

"Binti," akasema, "umetuchotea maji mengi. Sasa nielekeze kamba yake iko wapi, nishushe ndoo."

Aliniaga kwa adabu, wakaondoka na mwenzake kuwahi basi la Kondoa. Nilibaki nimesimama mbele ya kazi yangu, na kwa mara ya kwanza nikaiona ile buluu kama alivyoiona yeye.

Nilimwendea Mzee Lugendo, nikamweleza yote, nikidhani atanikaripia. Alifuta kalamu yake, akaiweka chini.

"Mkono wako ni mzuri kuliko wangu," akasema. "Ndiyo maana uongo wako umeaminika upesi. Ungekuwa mchoraji mbovu, watu wangeuliza."

Maneno yale yameniuma miaka yote hii, na yamenifaa kuliko cheti chochote.

Siku ile ile niliingia kwa mhandisi na daftari mkononi. Alikasirika, na alikuwa na haki. Wafadhili walikuwa wameshaisifu ramani ile, na ratiba ya mtambo ilikuwa imeshasainiwa. Aliniuliza kama naelewa kwamba najivunjia jina. Nikamwambia naelewa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa maradhi yalikuwa yangu lakini kifo kingekuwa cha watu wengine. Nilichora upya kwa siku mbili. Visima vizima nikavitia buluu, vilivyokufa nikavifanya duara jeusi lililo tupu ndani. Ile kona ikabaki karibu nyeupe yote. Haikupendeza. Lakini mhandisi alipoitundika, aliagiza ratiba iletwe.

Tuzo niliirudisha pamoja na barua. Kalamu mbili nilikuwa nimeshazitia wino, nikazisafisha kwanza. Tuzo ikaenda kwa kijana wa Singida aliyechora mavuno ya mtama kwa mistari ya kawaida tu, minyoofu, kila mmoja na urefu wake wa haki. Wenzangu wengine walinicheka korido nzima. Kujikwaa si kuanguka. Niliinama, nikaendelea na kazi, na kazi ikaendelea kunijia.

Mtambo ulipokwenda kwa kina Mama Paulina, nami nilipanda lori. Shimo la kwanza lilikuwa kavu. La pili, siku ya tano, likatoa maji yenye chumvi kidogo, na watu wakayanywa wakicheka. Mama Paulina alinijazia kikombe, akangoja nimalize.

"Sasa lichore," akaniambia.

Mwanangu, nilishakuwa mwamuzi wa mashindano kama hayo yenu mara kadhaa, na nakwambia bila kusitasita: uzuri katika kazi yetu si dhambi. Pamba mchoro wako, chagua rangi zako, wapumzishe macho watu waliochoka. Lakini kabla hujaupeleka kwa waamuzi, upeleke kwa mtu anayeishi ndani yake. Kila nukta yako ina mwenyewe. Akikwambia nukta si yake, ifute, hata kama ndiyo iliyoubeba mchoro wote. Penye pengo, acha pengo lionekane, kwa maana huenda hicho ndicho kitu pekee ulichotumwa kukionyesha. Na ukikosea, wahi kusema kabla mtambo haujaondoka.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi mzito. Akupe tuzo usizoona haya kuzitundika sebuleni, na waliomo kwenye takwimu zako wakutaje kwa heri, hata wasiojua kusoma jina lako.