Sisimizi Mwenye Miguu Minane

Kiranja wa klabu ya sayansi aliniibia wadudu arobaini na mmoja, na naomba ieleweke mapema kwamba sijamsamehe.

Wadudu hao niliwatafuta likizo nzima kule Mwihoko, nyuma ya ploti yetu, chupa ya jemu mkononi. Mama ni fundi wa nguo. Pini zake ziliisha moja moja hadi akaniuliza kama nazila. Kila mdudu nilimpa lebo: jina la kisayansi, mahali, tarehe, na aliyemkamata, yaani mimi. Wadogo kama sisimizi huwachomi pini, wanapasuka. Unawabandika kwa gundi kwenye ncha ya pembetatu ya karatasi. Hiyo nilijifunza baada ya kuharibu saba.

Wiki mbili kabla ya maonyesho ya shule pale Thika, kiranja alichukua boksi, ati akaliweke salama. Nililikuta maabarani, lebo zote zimeandikwa upya kwa mwandiko wake, na aliyewakamata wote ni yeye. Hadi mende wa jikoni kwetu! Jamaa anaishi Ngoingwa kwenye nyumba ya geti, kwetu hajawahi kuja hata kuomba maji.

Nikaenda kwa mwalimu wa Baiolojia.

"Si nyinyi ni klabu moja?" akasema, macho kwenye chai. "Yeye ataongea vizuri mbele ya majaji. Wewe utachekesha watu."

Sawa, mwalimu. Nitawachekesha.

Kwenye ua wa shule kuna buibui anayejifanya sisimizi. Mweusi, kiuno chembamba, na miguu ya mbele anaiinua kama vipapasio. Ukimwangalia haraka, unaapa ni sisimizi. Nilimkamata wakati wa gemu, wenzangu wakiwa uwanjani, nikambandika kwenye pembetatu yake, nikamweka katika mstari wa sisimizi bila lebo. Nilijua kiranja hawezi kuona pengo la lebo akaliacha. Kesho yake buibui alikuwa na lebo, Kilatini kirefu, na mkamataji wake: kiranja.

Siku ya maonyesho mimi nilikuwa wa kubeba meza. Jaji, mama mmoja mwenye lenzi shingoni, akapita mstari kwa mstari, akasimama.

"Huyu ulimpata wapi?"

"Nyumbani, madam. Ngoingwa. Ni sisimizi, kundi la Insekta, miguu sita."

"Hebu nihesabie."

Akampa lenzi. Kiranja akahesabu kwa sauti hadi sita, akaishusha lenzi.

"Endelea tu," madam akasema. "Amekufa, hakuumi."

"Saba," akanong'ona. "Nane."

"Kwa hivyo wewe mwenyewe ulimkamata buibui, ukamwita sisimizi?"

Kiranja akageuka, kidole usoni pangu. "Si mimi, madam! Ni huyu! Boksi ni lake. Wote ni wake!"

Mbele ya mwalimu, majaji na shule tatu. Nikamwomba arudie, ati sikusikia vizuri.

Hatukushinda chochote. Mwalimu alinipa adhabu ya kuosha maabara muhula mzima, lakini boksi nilirudishiwa, na lebo nimeziandika upya, zote. Buibui ana jina lake la kisayansi, najua. Kwangu nimempa lingine la maneno mawili: la kwanza ni Kilatini, na la pili ni jina la kiranja. Sitaliandika hapa. Ila tukipishana koridoni namwita kwa jina hilo lote, Kilatini na yeye, na huwa anaitika kabla hajakumbuka kwamba ni la buibui.